Mita za Obare

Alhamisi, 6 Machi 2025. Awendo.

Nimemaliza! Wiki nane za mazoezi ya mapafu, wagonjwa kumi na wanne, hakuna aliyetoroka. Leo kipimo cha mwisho: mgonjwa anazunguka kliniki dakika sita kadiri ya nguvu zake, nami nahesabu mita. Januari nilipima mmoja mmoja. Leo mvua ilitishia, nikawatoa wawili wawili. Akili ni nywele — na mimi ninazo nyingi!

Mama Helen, muuza samaki, miaka thelathini na tano ya moshi wa kuni kifuani: Januari mita 290, leo 385! Huyo ndiye slaidi yangu ya kwanza kwenye mkutano wa Homa Bay. Watafiti siku hizi wanasema mazoezi yamfuate mgonjwa nyumbani, bila mashine, na aliyepona TB naye asiachwe. Mimi nimefanya kwa viti vya plastiki na chupa za maji. Mkutano ukikubali, zahanati sita zitaanza. Kazi yangu mimi, Lynnet Bonareri!

Ila Obare. Alikuwa mkata miwa, TB ikamwachia kifua kibovu. Januari 360, leo 350. Amerudi nyuma! Nilimfokea mbele ya watu kwamba hafanyi mazoezi nyumbani. Akainama, akasema sawa daktari. Ameniharibia jedwali.

Jumamosi, 8 Machi.

Sabato. Sijagusa laptop. Nimeigusa kwa macho tu.

Jumatatu, 10 Machi.

Aibu! Emmaculate, nesi wetu, ameona jedwali, akacheka mpaka akashika meza. "Daktari, ulimtoa Obare na Mama Helen? Si huyo ni maro wake! Ameoa msichana wake. Sasa ulitaka ampite mama mkwe mbio mbio?"

Kumbe alijizuia dakika zote sita. Na mimi Mkisii — kwetu heshima ya mkwe haina mchezo! Nilijua wanatoka upande mmoja. Sikuuliza zaidi.

Jumanne, 11 Machi.

Nimemwomba Obare msamaha kwanza. Kisha akatembea, peke yake. Dakika ya nne akasimama, mikono magotini, nikadhani basi. Akaendelea. Mita 431!

Hakushangilia. Aliuliza tu kama sasa anaweza kurudi shambani. Nikamwambia nusu siku, na asikaribie miwa inayochomwa. Akasema nusu siku pia ni kazi. Nimejivunia huyu mtu mpaka nikasahau chakula cha mchana.

Jioni nikampigia Dkt. Onchiri, msimamizi wangu. Anasema siku ya kupima ilishapita, nimtoe Obare kwenye jedwali, mtu mmoja hapunguzi kitu. Nimekataa. Nitaonyesha 350, nitaonyesha 431, na kosa langu hapo katikati.

Ijumaa, 14 Machi. Homa Bay, mapumziko ya chai.

Nimesema yote. Walicheka nilipofika kwenye habari ya mkwe, kisha wakapiga makofi — ukumbi mzima! Nikajiona mrefu.

Halafu mtafiti mmoja, mama wa mvi, akainua mkono. Kwa upole kabisa: tumemwelewa aliyekuwa nyuma. Na yule wa mbele, je?

Nikageuka kutazama slaidi ukutani. 385.

Nikasema nitajibu baada ya chai. Wagonjwa bado hukutana kliniki kila Ijumaa kwa mazoezi, kwa hiyo nimempigia Emmaculate, akampa Mama Helen simu. Nikamuuliza siku ile kilichomtembeza kasi vile ni nini.

"Nyathina, mwanangu, mkwe yuko nyuma yangu, viatu vyake nasikia. Ningefanya nini? Nilikimbia!"

Slaidi yangu ya kwanza! Ningeweza kukaa kimya, hakuna ambaye angejua. Badala yake nimemwomba atembee tena, sasa hivi, njia ikiwa tupu. Amekubali, hata chai hajamaliza.

Wanatuita ndani. Dkt. Onchiri ananiashiria mlangoni. Mama Helen yuko dakika ya tatu — namsikia akihema kwenye simu, Emmaculate akimhesabia. Siingii mpaka zitimie sita.