Radio Nilichagua Mwenyewe

Jumatatu, 4 Mei

Nyumba ya tatu tangu asubuhi. Ngazi, bati ya moto, pince ya waya ndani ya mufuko. Kila muteja na neno ileile: rezo inakatika. Napanda kwa radio, ile kisanduku nyeupe tunafunga juu ya nyumba ili ikamate internet ya munara wa kampuni yetu. Nazima, nawasha. Inarudi. Nashuka. Najua kabla ya kesho itakufa tena. Nimechoka kudanganya batu.

Saa kumi Kavugho amepiga simu. Ni muzalishaji wa centre de santé moja, zahanati yenye radio yetu, kule Kalunguta. Jana mama moja alikuwa anatoka damu baada ya kuzaa. Docteur wa Beni alikuwa ku video, anaongoza mikono ya Kavugho. Picha ikasimama. Kavugho akaendelea peke yake. Mama iko muzima. Kavugho hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 5 Mei

Réunion, kikao ku bureau ya kampuni. Patron Kambale, mukubwa wetu, anataka kuongeza radio makumi sita, aina ileile. Nikasema hapana. Akaniangalia.

« Masika, si ni wewe ulizichaguaka? »

Ni kweli. Mwaka jana. Nilizijaribu hapa Butembo, karibu na munara, jua linawaka. Nyepesi, mutu moja anafunga bila shida. Nikasaini. Kalunguta sikufika hata mara moja.

Haya imenishika mpaka masikio. Nimeomba wiki moja nitafute ingine. Amenipa siku ine tu, mpaka Posho.

Jumatano, 6 Mei

Siku muzima ku mulima, na karatasi, napima radio. Nimeelewa. Hii radio inasikiliza kila upande. Antene za kampuni zingine ni nyingi, basi inasikia makelele ya wote, kama mutu anaitwa katikati ya soko. Kalunguta kuko shida ya pili: batri ya soleil, ile ya jua, ikishuka kidogo tu, radio inazima.

Si mvula. Si bateja. Miezi yote nilikuwa nasema ni mvula.

Alhamisi, 7 Mei

Beni. Hadji Ramazani, mwenye kuuza bifaa, alinikumbuka.

« Dada, mwaka jana ulikuja na jibu tayari. Leo umekuja na swali. Ikala hapa ku kiti. »

Nimeikala saa mbili muzima, nauliza. Ameniazima radio mbili za sahani, aina mbili tofauti, zinazoangalia upande moja tu. Nzito. Kufunga ni batu babili, na ukikosea kidogo hazione kitu. Ndiyo hizo nataka kujaribu.

Ijumaa, 8 Mei

Ku barrière ya askari, njia ya Kalunguta, soldat aliona sahani. « Oyo nini? » Kwa Lingala, hii ni nini. Nikaeleza. Hakuamini. Akauliza naita nani kule musituni, kama ni baasi. Nimesimama ku jua saa moja muzima, mikono inaonekana. Niliogopa sana. Sikurudi nyuma. Kavugho, aliyekuwa ananingoja, alikuja kwa miguu na blouse yake nyeupe ya kazi, akamuuliza soldat kama muke yake anazalaka wapi. Akatuachilia.

Tulifunga sahani ya kwanza juu ya centre, mimi na Kavugho. Ikakamata vizuri sana. Tukawasha frigo ya dawa na taa zote ili batri ishuke. Ikazima. Niliketi juu ya bati, nikataka kulia. Hapana. Tukaitoa, tukafunga ya pili. Batri ikashuka. Ikaendelea. Ikashuka tena. Ikaendelea tu.

Tukaita docteur wa Beni ku video. Kavugho akamuonyesha mutoto mwenye shingo imevimba. « Musogeze karibu, » docteur akasema. « Basi. Naona. »

Nimetoka saa nane mbio mbio. Baada ya saa tisa ile barabara haiko ya batu, ni ya benye bunduki.

Posho, 9 Mei

Nimeweka karatasi mbele ya patron. Radio ya pili. Na si kwa bateja bapya tu. Kwa bote.

Akasoma karatasi yote. « Na tutawaambia nini? »

« Ukweli. Nitasema mwenyewe, nyumba kwa nyumba. »

« Kazi ya siku moja itakuwa ya siku tatu. »

« Najua. »

Amesaini. Hakucheka. Mimi pia.

Jumanne, 19 Mei

Mama Kahambu, mushonaji, ni wa kwanza ku liste ya bateja. Nilimukuta anakata kitambaa. Nikamuambia nimekuja kubadilisha radio, ile ya zamani haikufaa.

Akaweka mukasi chini. « Mwaka muzima nilifikiri ni mimi sijue kutumia. Nilikuwa naogopa hata kukuita. »

« Hapana, Mama. Ni radio. Na mimi ndiye niliichagua. »

Alitoka inje mbele yangu, akakunja kikwembe yake kiunoni, akashika ngazi kwa mikono mbili.

« Panda, » akasema.