Jibu la Precious Mbele ya Usharika

Masuguru, Muheza
13 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Asheri,

Hujambo huko Tunduma? Kifua kimepoa, au bado baridi ya huko inakukohoza? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Najua hapo umekunja uso, lakini mimi namshukuru tu. Machungwa yameanza kuiva, na mwanao Precious sasa ananipita kimo.

Nisikilize basi, maana jana nusura nipasuke kwa fahari. Wanafunzi wa kipaimara waliulizwa maswali mbele ya usharika mzima. Wenzake waliulizwa amri na sala, wakatiririka. Zamu ya Precious, mzee wa kanisa Edgar, yule asiyecheka hata harusini, akamuuliza kwa nini Mungu anaacha watu wateseke. Darasani walifundishwa kujibu kwamba ni kujaribiwa imani.

Nilijua anamfikiria mama yake, Anastazia wetu, na ile saratani iliyommaliza huku tunamwangalia. Mtoto akasema, "Sijui, mzee. Mama imani alikuwa nayo, hakuhitaji kujaribiwa vile. Lakini Yesu naye msalabani alimuuliza Mungu mbona amemwacha, na hakujibiwa pale pale. Kwa hiyo mama alipolia, alikuwa na mwenzake."

Nikadhani watamrudisha darasani mwaka mwingine. Mzee Edgar akavua miwani, akajifuta macho, akasema amefaulu. Asheri, nilipiga kigelegele humo humo kanisani, wa kununa wanune! Huyo ni damu yetu.

Mimi pia bado namlilia wifi yangu, na sina jibu linalolishinda hilo la mwanao. Wewe tangu tumzike hukanyagi kanisani, na umetuma ujumbe kwamba hata kwenye kipaimara hutakuja. Kwa hasira zako sikulaumu. Kwa kutokuja, hapo tutagombana.

Shemeji yako Castory anakusalimu sana, na jirani yetu Bi Saleha anauliza habari zako kila siku. Mungu akutunze, hata kama siku hizi hamsemezani.

Ibada ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nilipomuuliza Precious nikuandikie nini, alisema, "Mwambie baba aje na hasira zake. Nimeshamwekea nafasi mbele."

Dada yako anayekupenda na kukusubiri,
Lea