Sifa Alizonipa Yusuf

Balsall Heath, Birmingham
Jumanne, baada ya alasiri

Mdogo wangu Bakari,

Assalamu alaikum. Goti lako linaendeleaje, na mkeo ameacha kukohoa? Sisi huku tu wazima. Baridi imerudi, na mwanangu Rukia amenikataza kutoka bila skafu, kana kwamba mimi ndiye mtoto wake.

Uliniuliza, kwa ajili ya darasa lako hapo Malindi, watu wa malama, yaani wa lawama, walikuwa nani, na kama njia yao ni ya kufuatwa. Zamani kidogo ningekujibu kwa ukurasa mmoja safi. Walikuwa wacha Mungu wa Nishapuri, huko Uajemi, katika karne za mwanzo za Uislamu, waliochukia kujionyesha kuliko walivyochukia njaa. Hawakuvaa joho la viraka lililowatambulisha masufi wengine. Walivaa na kufanya kazi kama watu wa sokoni. Ibada zao walizificha, makosa yao hawakuyaficha, na nafsi zao walizituhumu hata zilipotenda mema. Watu wakiwalaumu, walishukuru kwamba siri yao na Mola wao imesalimika. Hivyo ndivyo marehemu baba alivyotufundisha, nami nikajaribu kuishi hivyo uzeeni.

Kila Jumamosi tuna darasa katika ukumbi wa msikiti, na baada yake watu huchangia chakula wakala pamoja. Mimi nilikuwa nikiondoka kabla sahani hazijatandazwa, kwa hiyo nikajulikana kuwa bahili. Mzee Faraji, mtu wa Kongo mwenye sauti ya adhana, alinisindikiza kwa maneno: "Mwalimu, ni harufu ya pilau inakufukuza, ao ni harufu ya mchango?" Watu walicheka. Nilivaa viatu, nikatoka.

Nilikuwa nikienda gereza la Winson Green kumwona kijana mmoja. Mama yake, mjane ambaye jina lake sitakuandikia, alikuwa amewaambia watu wote kwamba mwanawe anafanya kazi Dubai. Hakuthubutu kwenda mwenyewe, kwa sababu mtaa unaoelekea lango lile unakaliwa na watu wanaomfahamu. Alinisihi nimpelekee salamu zake na nimletee za mwanawe. Kijana akakubali kwa sharti kwamba mama yake asiaibike.

Mwingine aliyejua ni Yusuf peke yake, Msomali aliyekulia Garissa, dereva wa teksi aliyekuwa akinipeleka. Alinishika mkono akaapa. Katika mji huu wote, Bakari, huyo ndiye niliyemwita ndugu.

Mwezi uliopita Faraji alinitania tena, akaongeza kwamba nitazikwa na pochi yangu. Yusuf akasimama. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, ingawa sarufi yake inaniumiza.

"Wacha hiyo, mzee! Maalim si mchoyo. Mimi ndio nampelekanga Winson Green, kwa jela, kuona kijana ya Mama..." Akamtaja. "Dubai gani? Ako ndani! Nani kati yenu ameenda kumuona?"

Kisha Faraji akaja akanibusu mkono, na wengine wakapanga foleni nyuma yake. Upande wa pili wa pazia, kwa wanawake, nilisikia kiti kikisukumwa na mlango ukifungwa. Nami nilikuwa bado nimenyoosha mkono. Wallahi, Bakari, nilikuwa nimeunyoosha.

Nje nilimwambia Yusuf, "Uliapa."

"Maalim, nilikuwa nakutetea! Wamekudharau miaka yote hiyo."

"Nani alikuomba?"

"Sasa ningenyamaza tu? Wewe ni kama baba yangu!"

"Ungenyamaza. Na yule mama, yeye ulimtetea vipi?"

Alinifungulia mlango wa teksi. Nilirudi kwa miguu.

Kesho yake nilikwenda kumwomba yule mama radhi. Alifungua mlango nusu. "Mwalimu," alisema, "wewe lawama ulizichagua mwenyewe, zikakustarehesha. Mimi nimeletewa nyumbani." Akafunga.

Masufi wengine wa zama zile waliwaambia watu wa malama jambo lililo karibu na hilo: anayetafuta kulaumiwa bado anawatazama watu, sawa na anayetafuta kusifiwa. Nimelifundisha mara nyingi kama hoja ya wanazuoni, kwa sauti tulivu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi hadi gerezani. Askari wa langoni aliniambia kwa upole kwamba kijana amekataa kuniona. Nikauliza kama naweza kumwachia salamu. Akauliza, za nani? Mama hakunipa salamu yoyote, na zangu hazikuhitajiwa.

Basi waambie wanafunzi wako waifiche ibada, lakini wasiifiche ndani ya aibu ya mtu mwingine. Yangu ilipofunuliwa, sifa zilikuja kwangu na fedheha ikaenda kwake.

Yusuf sijamsamehe. Nikitembea kwenda msikitini, yeye hupunguza mwendo wa teksi kando yangu, akapiga honi kidogo. Sigeuki.

Nisalimie shangazi yetu wa Mambrui, wanao, na jirani anayekusomea barua zangu macho yakikusumbua. Hii usimpe, isome mwenyewe, polepole. Wala usinitaje katika dua mbele ya wanafunzi. Ukitaka kumwombea mtu, mwombee yule kijana, bila jina. Mungu anamjua.

Kaka yako,
Salim