Pete ya Bibi na Meza Mbili Makaburini

Mpendwa Mshauri Loma, naomba unisaidie kabla sijaitupa ile mashine ya mume wangu mtoni na yeye nyuma yake. Mume wangu Doyle, tangu astaafu kiwanda cha mbao, amekuwa mtu wa kuchimba tu, amenunua ile mashine ya kutafuta vyuma ardhini, inalia kama kifaranga aliyepotea, na meza yangu ya kulia ameijaza ramani za zamani za serikali, zile zenye mistari ya vilima inayozungukazunguka, za enzi ambazo kila nyumba ilichorwa kama kimraba cheusi, na sasa sisi tunakula sahani magotini kwa sababu meza imekuwa ya nyumba za watu waliokufa. Na kwa kuwa huku kwetu mtu haingii shamba la mwenzake mikono mitupu, kila Jumamosi nani anaoka pai ya tufaha ya kwenda kuombea ruhusa ya kuchimba? Mimi! Nimewaokea watu nisiowajua hata majina, naye anarudi na misumari yenye kutu na vifuniko vya chupa, anavipanga dirishani kwangu, ananiambia, "Mama watoto, hii ni historia." Historia gani, na matope nafuta mimi?

Basi theluji ilipoyeyuka akahamia Bonde la Pawpaw, kwenye kimraba cha nyumba ya Bibi Tressie, mama yake mama yangu, nyumba iliyoanguka zamani yakabaki mawe ya jiko tu. Akachimba pale wiki baada ya wiki, hola, mpaka nikachoka kumsikiliza akinung'unika, nikamfokea, "We Doyle, hujawahi kufua kwa mkono maisha yako yote! Kitu hakipotei ndani ya nyumba, watu wangekiona. Kinapotea pale mtu anapoinama!" Nikamwekea kidole kwenye ramani, kile kijia cha vidotidoti kinachotoka kwenye kimraba na kuishia chemchemini, ambacho ramani za siku hizi hazina habari nacho kabisa. Laiti ningeng'ata ulimi, Mshauri.

Alirudi kutoka chemchemini na pete ya dhahabu. Ndani imechongwa herufi za Bibi Tressie na za babu, na imeshikwa na pini ya shaba, zile za kufungia nepi.

Pete hii ndiyo iliyouvunja ukoo wetu. Bibi alipofariki haikuonekana, na mama yangu Oleta, aliyemuuguza mpaka mwisho, akasema imeibwa na dada yake, mama mkubwa Delphia, na tangu hapo, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, hawajasemeshana neno. Kila Mei tukipanda kilimani kupamba makaburi, ukoo mmoja unaweka meza mbili, moja ya mama karibu na lango, moja ya mama mkubwa chini ya mierezi, na sisi wengine tunakula mara mbili, kuku wa huku na kuku wa kule, saladi ya viazi ya huku na ya kule, na ukichelewa meza moja unaambiwa umejipendekeza kwa nyingine. Na kila mwaka mama anaturudia wimbo uleule, "Mimi nilifua gauni lake la kulalia kwa mikono yangu hii, pale chemchemini, wakati Delphia anafungua madroo!" Sasa umeelewa, Mshauri? Bibi alikuwa amekonda, vidole havishiki tena pete, akaibana kwa pini ndani ya gauni. Na gauni alilifua mama.

Pete nimeificha kwenye kopo la unga. Doyle anasema ukweli ni ukweli, anataka asimame siku ya makaburi mbele ya wote, na ramani ameikuza ukubwa wa mlango. Nikamwambia, "Mama ana miaka themanini na sita na moyo mbovu, unataka tumzike palepale kwa kuwa hatutakwenda mbali?" Nikasema afadhali niirudishe chemchemini. Mtu huyo akanijibu, "Irudishe, mimi nitaichimba tena." Nifanyeje? Niirudishe udongoni, nimwambie mama, au nimfukuze Doyle?

Mke wa Mchimbaji, West Virginia

Mke wa Mchimbaji, pole, na nimecheka, nisikufiche. Majina yote nimeyabadilisha, maana uliyaandika kama unaita mahudhurio. Lakini katika wilaya hii ukoo unaoweka meza mbili makaburini ni mmoja tu, kwa hiyo usikae na gazeti mkononi. Inuka kabla jirani mwenye kiherehere hajaenda kumsomea mama yako.

Ya Doyle kwanza, maana ni nyepesi. Humfukuzi. Mume aliyepotelea kwenye ramani angalau unajua aliko, na wapo wanaoniandikia kila wiki ambao hawajui wa kwao kalala wapi. Meza yako airudishe leo, misumari aitoe dirishani, na ile hotuba aisahau kabisa. Pete kaichimba yeye, sawa, lakini aibu ya mama mkwe hana ruhusa ya kuichimba mbele za watu. Akitaka kukuza kitu, akuze maboga.

Sasa wewe. Kopo la unga! Mwanamke mzima! Barua yote unanililia moyo wa mama yako, na Delphia umemtaja juujuu tu, mwanamke aliyeitwa mwizi mbele ya kaburi la mama yake tangu wewe uko mgongoni. Yeye hana moyo? Kila Mei anakaa chini ya mierezi watu wakimwangalia mikono, na hakuiba kitu. Kila siku pete hiyo inapolala kwenye unga, anayemwita mwizi ni wewe, maana sasa unajua.

Na mama yako usimfanye yai. Aliyebeba kinyongo nusu karne ana moyo wa nyumbu. Nenda kwake Jumamosi asubuhi, peke yako. Usimhubirie, usimwambie "ulikosea." Tandaza ramani mezani, mwombe akuonyeshe kwao palikuwa wapi, kisha muulize walikuwa wakifulia wapi. Akishaweka kidole chake mwenyewe pale chemchemini, weka pete na pini yake kando ya kidole hicho, halafu funga mdomo. Atalia, atakutukana, pengine atasema Delphia ndiye aliyekwenda kuifukia. Mwache amalize. Mwizi hafukii pete na pini ya nepi, na mama yako hilo analijua.

Akikataa kwenda kwa dada yake, nenda wewe, siku hiyohiyo, na pete mkononi. Haki hii ni ya Delphia, si ya mama yako kuamua aitoe lini.

Lakini nadhani atakwenda. Kwa hiyo Jumamosi hiyo oka pai kama kawaida, ila Doyle asiiguse. Umesema mwenyewe kwamba huku kwetu mtu haombi ruhusa ya kuingia kwa mwenzake mikono mitupu. Mpe mama yako aipakate garini mpaka mlangoni kwa Delphia. Hodi apige mwenyewe. Wewe baki garini.