Chisense ya Inchi ya Bamalai

Mwansa, mujukuu yangu,

Usicheke maandishi yangu. Herufi zinatembea upande kama bata, lakini mukono ni ule ule ulikulea, basi soma. Nakuandikia Kiswahili juu njo luga nilifundishwa kuandika kule Kilwa, si ile ya bahari, hii ya ngambo ya ziwa yetu, wakati nilikuwa musichana. Kibemba nakiweka kwa kugombeza batu.

Na kwanza nikugombeze. Mutu gani anarudia kutoka vita, masasi ya bunduki imemukosa, nyoka ya pori imemukosa, kiisha anakuja kufa na homa mu nyumba ya kambo yake, bukari yake ya unga ya mihogo haijaisha mu sahani? Nilikuambia funika mabega, mvua inakuja. Weye: "Kambo, miye ni askari." Askari! Haukuaga hata. Ile sahani niliiosha siku mingi kupita, na ningali na hasira.

Sasa habari. Dada yako Mwape amezaa mutoto mwanaume, mweusi, muzuri, masikio yetu. Lakini alilia. Baba yangu, alilia! Si njaa, maziwa iko. Si homa, nilimupapasa mwili yote. Unajua ginsi ya kwetu: mutoto akilia hivi ni kusema hajapewa jina yake, kuko mufu mumoja anamutaka na anangoja aitwe. Tukataja majina ya bafu, moja kiisha ingine, jina ya kunyamazisha ile kinywa njo itakuwa yake. Tukaita kambo ya baba yake. Akalia. Tukaita wale ba kijiji ya Mununga na wale ba Puta. Akalia zaidi.

Miye nikasema, "Munajichosha bure. Ni Mwansa."

Bana Kalenga, mama ya bwana yake Mwape (unamujua, yule mwenye kukunja midomo kama mutu anakunywa dawa), akakunja. Akasema, "Jina ile hapana. Mutoto anafuata jina yake. Tunataka kulea mutu wa bongo, wa kudanganya batu?"

Mbele ya miye! Mu nyumba yangu!

Na kosa ni ya kinywa yako, Mwansa. Nani alikutuma kuhadisia soko muzima ya Kashikishi ile safari yako? Eti kule inchi ya Bamalai, ngambo ya bahari, fasi Bazungu walikupeleka kupiga vita, weye na rafiki zako mulipewa ruhusa siku ya posho na kesho yake, siku ya Mungu. Eti mukaazima tukutuku, ile baiskeli ya mashini, na mukaenda pembeni ya bahari, upepo mu meno, mukafika kwa muzee mumoja mwanamuke mwenye kupika pa njia. Eti akakupa wali mu jani ya ndizi, na juu ya wali nini? Chisense! Chisense yetu, samaki ndogo kama kidole ya mutoto, imekaushwa na jua, imekaangwa na pilipili, na kalanga pembeni. Batu walicheka mpaka kulala chini. "Walimupandisha meli kubwa kumupeleka kula chisense!" Kila ulipopita, bamama ya samaki wanakuitia, "Ee bwana, tukutuku yako iko wapi? Umeifunga mu mutumbwi?" Nawe ulicheka nabo, mujinga, ulihadisia tena, na kila mara muzee yule alizidi kunenepa. Njo hivi walikuita mutu wa bongo, na jina ile ilikufuata mpaka kwa kaburi.

Miye niliamini nusu. Samaki niliamini, juu mutu wa ziwa hawezi kukosea chisense. Tukutuku, hapana. Weye uliangusha hata baiskeli ya katekista.

Basi, siku ya posho moja, asubuhi, nikiwa natwanga mihogo, nikasikia mungurumo pa njia. Kuku zikaruka juu ya nyumba. Tukutuku! Batu babili juu yake, vumbi mpaka mu kope, wanapiga kelele kabla ya kusimama: "Mwansa! Toka mu kitanda, mvivu weye! Tumefika, leta chisense!"

Nikashusha muchi pole pole.

Hawakujua, Mwansa. Ningewatumia habari wapi? Miye nilijua tu majina yao mu kinywa yako: Musonda wa Kasama, na Phiri yule murefu wa ngambo ya mashariki. Musonda njo alifika mbele yangu, mufupi, meno yote inje, akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima. "Kambo, iko wapi ile kichwa kubwa? Tuliapa kule: wa kwanza kupata tukutuku atakuja kuchukua wengine, tule siku mbili pembeni ya ziwa yake."

Nikasema, "Mwansa haamuki tena, batoto yangu."

Akacheka. Alifikiri tunacheza. Kiisha akaona kichwa yangu, nywele imenyolewa ya kilio. Meno yake ikafungwa moja moja. Phiri yeye alizima ile mashini, akaikalisha vizuri juu ya muguu yake ya chuma, akaipangusa vumbi na mukono, akaipangusa tena. Kiisha akakaa chini mu mavumbi kama mutoto.

Niliwaacha walie. Mutu akichelewa kilio, analia yake pa mulango, njo heshima. Mwape akatoka na mutoto mu mugongo, na mutoto naye analia, basi kiwanja yote ilikuwa kilio. Bana Kalenga akaleta maji. Na pale pale, bila haya, akawauliza: "Ile maneno ya chisense ya Bamalai, ni kweli ao bongo?"

Phiri akasimama. Yee, ni murefu ule mutu! "Mama, nani anasema bongo? Miye nilikuwa mu tukutuku ya pili."

Wakahadisia. Ulikosa kutuambia mengine, Mwansa. Hukusema uliona ile samaki ndogo ukaanza kucheza ngoma mbele ya duka, batoto ya Bamalai wakakufuata. Hukusema uliingia mu jiko ya yule muzee bila kuitwa, juu kalanga yake ilikuwa nzima nzima nawe ulitaka kuitwanga ginsi ya Kambo yako, na yeye alikupiga mwiko ku vidole! Vizuri. Na miye ningekupiga. Kiisha akakutwangia, akaonja, akakufungia jani ingine ya bure, ukaitia mu shati kifuani ili iwe na moto mpaka kambi. Mafuta ya pilipili ikatoka mu jani. Musonda alisema ulipiga kelele njia yote, "Ninaungua! Ninaungua!" na hukuitoa.

Hapo nilisimama, nikaingia mu nyumba.

Ile shati, Mwansa. Ile yenye doa nyekundu pa kifua. Uliporudia niliifua na sabuni na majivu, haikutoka. Nilifikiri damu ya mutu. Sikukuuliza. Mutu aliyetoka vita haulizwi, na miye sikutaka kusikia. Siku zote uliishi hapa nilikuangalia ukila, nikajiuliza mujukuu yangu alifanya nini kule. Kumbe pilipili. Nililia pale nyuma ya mulango, ile kilio sikulia siku tulikuzika, juu siku ile batu walikuwa mingi na miye sipendi kutazamwa.

Nilitoka nimepangusa uso. Nikasema, "Maneno haishibishi. Pikeni."

Musonda akasema atakwenda soko ya Kashikishi. Nikamutania, weye mutu wa Kasama, unayeishi na nyani, utajua chisense ya leo na ya mwezi uliopita? Na yule mula-panya wa mashariki, yeye hata Mungu hawezi kumufundisha samaki. Phiri akacheka, mara ya kwanza. "Basi Kambo, panda."

Nikapanda. Ndiyo, miye. Kitambaa nimefunga chini ya kidevu, mikono nimemukamata Phiri tumbo mpaka akaomba pumzi. Usicheke huko uliko. Ziwa ilipita pembeni yangu mbio, mitumbwi, nyavu, samaki juu ya majani, na upepo mu meno, kweli ulivyosema, mu meno. Tulipofika soko nilikataa kushuka mbio. Nilikaa juu, nikaita bamama wale moja moja: "Munauliza tukutuku ya Mwansa? Angalieni vizuri. Leta chisense, ile kavu, na usinichanganyie muchanga."

Wakapika. Hawakupata ile tunda ya maziwa, nazi wanaiita, basi wali walipika na maziwa ya kalanga. Nilitwanga mwenyewe. Wakafunga mu majani ya ndizi, moja kwa kila mutu. Tulikula pa chini, vidole inaungua, machozi ya pilipili na ingine pamoja, hakuna mutu aliuliza ni ipi. Bana Kalenga alionja na ncha ya kidole. Akaonja tena. Akavuta jani yote kwake. "Hii ni chisense," akasema.

"Njo ile Mwansa alikuambia," nikasema.

Akapangusa mukono, akamushika mutoto, akaniwekea mu magoti. "Basi, mwite."

Nikachukua maji mu kinywa, nikamumwagia kidogo pa kipaji ya uso, nikaita, "Mwansa."

Akalia! Mara mbili ya mbele. Kuku zikaruka tena.

"Unaona?" Bana Kalenga akasema. "Si yeye."

Nikamuangalia. "Mama, Mwansa alinyamaza siku gani?"

Musonda akaanza kucheka, kiisha Phiri, kiisha Mwape, na mwisho hata ile midomo iliyokunjwa ikafunguka. Hakuna mutu alitaja jina ingine.

Kesho yake, siku ya Mungu, walikuja kwa kaburi yako na jani moja ya wali. Niliwaambia wasiimwage, mbwa itakula. Wakaiweka hivyo hivyo. Wamesema watarudia wakati mvua itaisha. Nimewaambia walete tukutuku mbili, juu miye na Phiri hatutoshi mu moja.

Ile shati sitaifua tena. Itamungoja mutoto. Akiota meno nitamupa chisense na kalanga ya kutwanga, na nitamuhadisia ginsi ulikwenda, maneno yote, na atakayecheka atanijua. Na nitamufunika mabega, apende asipende.

Lala sasa, baba yangu. Kelele yako iko huku.

Kambo yako