Skrubu Mguuni kwa Baba

Jumanne, 10 Juni

Uji, dawa, mguu juu ya mto. Kisha kifaa. Nakiweka kwenye muundi, pale penye kovu, nasubiri kilie, nayatuma majibu kwa simu. Kila jioni hivyo. Baba anageukia ukutani kana kwamba namvua nguo.

Baada ya ajali ya pikipiki walimfunga mfupa kwa chuma na skrubu. Skrubu moja ina kihisi ndani yake, ndicho kinachosomwa na kifaa. Ni ya majaribio. Baba aliweka dole gumba, nikasaini mimi chini yake. Inajua mguu umebeba uzito kiasi gani na wakati gani wa siku. Daktari hakuficha: akiukanyagia kabla mfupa haujaunga, chuma kitaachia, na kwa umri wake tukirudi kwenye upasuaji anaweza kuupoteza mguu. Ndiyo maana likizo yangu ya ualimu inaishia hapa Getanuwas na nyumba yangu ya Gitting imefungwa.

Safari ndiye aliyekuwa anaendesha pikipiki. Mdogo wangu, mtoto pekee wa kiume. Walikuwa wanatoka mnadani Katesh na alikuwa amelewa. Yeye alichubuka kiwiko.

Jumamosi, 14 Juni

Sista Paskalina, muuguzi wa mradi, amepiga simu. Skrubu inaonyesha mzee anaukanyagia mguu. Kila asubuhi, na kwa uzito. Nimemwambia haiwezekani. Akajibu, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba skrubu haina sababu ya kusema uongo. Maana yake mimi ninayo.

Hasira haijaisha mpaka sasa. Naamka, nakamua, naenda na punda bombani. Nikirudi ng'ombe wameshatoka, Safari kawapeleka malishoni. Baba yuko kitandani, mguu juu ya mto kama nilivyomwacha. Nani huyo anayetembea? Kifaa ni kibovu. Wametuletea ubovu wao waujaribie kwetu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemuuliza Baba. Amekana. Kisha akanikumbusha kwamba aliuza ndama ili nisome. Ndama huyo hutolewa kila Baba anapokuwa na la kuficha.

Jumatano, 18 Juni

Bomba limeharibika. Nimerudi mapema na madumu matupu.

Baba alikuwa zizini. Gongo moja kwapani, mkono wa pili unavuta nguzo zinazoziba mlango. Nguzo zile hata mimi mzima navuta kwa mikono miwili. Mguu wenye chuma umekita chini, umebeba mwili wote. Akawatoa ng'ombe, akawaswaga mpaka njiani kwa vijana wa jirani, akawaambia wawachanganye na ng'ombe wao, Safari anakuja nyuma. Safari alikuwa hajarudi tangu jana.

Nilijibanza nyuma ya nyumba na punda mpaka aliporudi kitandani. Sikutaka ajue nimemwona akijikokota vile. Ndipo nikaingia, nikamwambia kuanzia kesho zizi nafungua mimi. Kukamua ni kazi yangu na hakuna anayesema kitu. Mlango mkubwa ni jambo jingine. Alinitazama kama nimemtukana.

"Mtu akipita akaona mtoto wa kike anafungua zizi, atasema boma hili halina mwanamume."

"Halina," nikasema.

Akageukia ukutani. Sijutii. Najuta kidogo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimewahi kuamka ili nifungue. Nimemkuta ameshatangulia, ameegemea nguzo, jasho linamtoka kwa maumivu. Akaniambia niende nikachote maji.

Jumatano, 25 Juni

Hospitali. Basi lilijaa, mguu wa Baba nimeupakata njia nzima.

Mfupa haujashika. Skrubu ya chini imeanza kulegea. Daktari akamuuliza Baba ni nani anayemtembeza. Baba akasema, taratibu kabisa, "Huyu mwalimu ana mambo mengi. Ananiacha peke yangu."

Mbele yangu. Sista Paskalina akaandika. Daktari akanieleza upya habari ya kukatwa mguu, polepole, kama mtu mgumu wa kuelewa. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Ningesema nini? Kwamba mzee wa watu anavunja mguu wake tena ili majirani wasijue mwanawe ni mlevi? Angekana hilo nalo.

Wakati wa kurudi akaninunulia mahindi ya kuchoma dirishani. Nilitaka kuyakataa. Nikala, nilikuwa na njaa.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemvizia Safari mpaka akatokea, saa ya watu kula mchana. Ananuka pombe. Nimemwambia yote, na kwamba Baba atakatwa mguu kwa ajili yake. Akalia. Amesema kuanzia kesho ataamka. Machozi yake nayajua, hayajawahi kumtoa kitandani.

Jumatano, 2 Julai

Ameamka. Na jana aliamka, na juzi. Anafungua zizi mwenyewe, anapiga mluzi. Baba anasikiliza kwato akiwa amelala na anatabasamu. Skrubu kimya.

Leo nimempikia Safari chai ya maziwa na chapati. Naona aibu kwa niliyoyaandika humu. Mtu anaweza kubadilika. Labda nilikuwa nasubiri ashindwe ili mimi nionekane.

Jumapili, 6 Julai

Majani yamekwisha huku. Safari ameomba awapeleke ng'ombe wote upande wa Balangida na wenzake, wakae huko mpaka mvua. Ni jambo la kila mwaka. Baba amempa fimbo yake na blanketi lake jekundu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Sasa nina mtoto."

Nilikuwa pale pale miguuni pake, namvalisha soksi.

Jumanne, 15 Julai

Mama Elisha, jirani, ametoka mnadani Katesh. Hakutaka kukaa. Amewaona ng'ombe wetu wote wakipakiwa kwenye lori la Fuso, masikio yana alama yetu. Safari alikuwa pembeni anacheka na wanunuzi.

Simu yake haipatikani. Nimewapigia wenzake walioko Balangida. Hakufika huko kabisa.

Nikamwambia Baba. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikasema twende polisi.

"Ni mali yake. Ningekufa angerithi."

"Hujafa."

Akaomba maji ya kunywa.

Kumbe alikuwa anaamka ili tumwamini. Na chapati nilimpikia. Namchukia Safari. Leo namchukia na Baba pia, na sitakifuta nilichoandika.

Jumatatu, 28 Julai

Shule zimefunguliwa, wanafunzi wangu wamekaa bila hesabu. Mkuu wa shule ameniongezea ruhusa kwa shingo upande. Punda hana kazi kubwa siku hizi, maji tunayotumia ni kidogo. Baba haongei. Hainuki hata kwenda mlangoni. Haja namsaidia kwa beseni.

Jumatano, 13 Agosti

Hospitali. Mfupa umeshika. Daktari alituonyesha picha, halafu akatuonyesha mstari wa skrubu kwenye kompyuta: mwezi wa sita umepandapanda, mwezi wa saba umelala chini mpaka mwisho. Akasema angependa wagonjwa wote wawe hivi.

Sista Paskalina akanishika mikono yote miwili. Aliniomba radhi kwa maneno ya mwanzo, akasema nimemtunza mzee vizuri sana, anataka niongee na familia nyingine wajue nilifanyaje.

Nikamwambia asante.

Baba ameambiwa sasa atembee, kulala ndiko kutakakomdhuru. Akaitikia, "Ndiyo, daktari." Ndilo neno lake pekee la leo.

Jumapili, 17 Agosti

Upepo. Vumbi la zizi linaingia mpaka ndani, nimefagia mara mbili.

Hajatembea. Magongo yameegemea pale alipoyaweka Jumatano. Nimemsihi, nimemkaripia, nimeacha. Kesho narudi Gitting, shangazi atakuja kukaa naye.

Jioni nimeweka kifaa. Sifuri. Nimetuma.

Halafu nimempelekea chai ya rangi. Akatazama ndani ya kikombe, akauliza maziwa. Kisha akasema basi, ni sawa, akanywa.