Riziki Anaposema "Kafa!"

Manundu, Korogwe

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo tena kwa siku zote nilizokaa kimya. Barua aliyoiandika Athumani kwa maneno yako niliipata kabla ya mvua, na sasa watu wanapalilia. Nisamehe. Sikuumwa, wala kalamu haikukosekana. Niliogopa tu. Miguu yako inaendeleaje? Maji bado mnafuata kule bondeni? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haijatulia.

Nianze na kubwa kabla Athumani hajachoka kusoma. Mama, Riziki asipelekwe kwa mganga. Kama siku imeshapangwa, ivunjwe. Kama ameshafungwa hirizi, ifunguliwe. Mtoto hana pepo wala hatabiri vifo vya watu. Anachoimba nakijua, na kakitoa kwangu. Athumani mdogo wangu, rudia hapo, msomee mama tena, polepole.

Mliniandikia kwamba tangu nimlete huko Kang'ata umwachishe ziwa, Riziki anaimba wimbo mfupi usio na maneno, unazunguka. Akifika mahali fulani, pale pale kila siku, sauti inaporomoka, ananyamaza, anasema "Kafa!" kisha anaanza upya. Jioni moja akaimba hivyo uani kwa jirani yetu Mzee Salimu, akamtazama mzee usoni, akasema "Kafa!" Mzee akacheka. Asubuhi hakuamka. Tangu hapo wenye watoto wanawaita ndani Riziki akipita.

Niliposoma hayo nilikaa chini. Nikamkumbuka marehemu shangazi na mambo yake ya kupandisha pepo. Nikasema, limehamia kwa mwanangu kwa sababu nimemwacha. Maana tulikubaliana nimfuate baada ya mavuno, na mavuno yakapita nikiwa huku. Nikaikunja barua nikaitia kwenye mkoba, nikawa natembea nayo.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, ngoja nikueleze. Banda la gemu ni chumba chenye televisheni na kimashine ambacho tajiri alikileta siku hizi za kila kitu ruksa. Watoto wanalipa, wanabonyeza, kindege kinaruka kwenye kioo kikikwepa milima. Kina muziki wake wa vyuma vyuma, hakuna mtu anayeimba, unazunguka kutwa. Riziki amenyonya humo tangu alipotimiza arobaini. Na tajiri alikuwa na kinanda kidogo cha betri kilichokosa mteja. Banda likiwa tupu mimi nautafuta humo ule wimbo wa kindege kwa kidole kimoja, mtoto yuko mgongoni, mpaka vidole vyote vikaujua.

Sasa yuko Mhina, fundi wa kiwanda cha mkonge Ngombezi, mtu mzima mwenye mke mkali, kwa hiyo usiwaze mengine. Anapiga gitaa. Alikuja bandani kumfuata mwanawe, akanikuta nakipiga, akasimama pale mpaka akasahau kilichomleta. Yeye ana kaseti alizoachiwa na mhandisi mmoja wa Ulaya aliyeondoka shamba lilipouzwa. Ni roki, lakini si ile ya kurukaruka. Anaiita roki ya progresivu. Wimbo mmoja unajaza upande mzima wa kaseti. Unaanza kama manyunyu, katikati unabadilisha hesabu ya mapigo, unapotea, na ukishausahau unarudi umevaa nguo nyingine. Akataka tuupange wimbo wa kindege hivyo hivyo. Tukawa watatu, pamoja na Kijazi mpiga ngoma, tunakutana jioni nyuma ya nyumba ya Mhina.

"Hapa tunahesabu saba," Mhina akasema.

"Saba?" Kijazi akamuuliza. "Watakaocheza wana miguu mingapi?"

"Sikiliza mashine ya kiwandani, ile yenye jino bovu. Inakwenda saba kila siku na hujawahi kulalamika."

"Nalalamika kila siku, hunisikii kwa kelele zake!"

Tukachukua pale sauti inapoporomoka, yaani kindege kinapogonga mlima, tukaparefusha. Gitaa linashuka taratibu, mimi nabaki juu peke yangu na noti mbili, halafu ngoma inaingia na saba yake na wimbo unavuka. Bandani hakuna aliyewahi kuvuka mlima ule, kwa hiyo ng'ambo yake tuliitunga wenyewe. Sehemu kubwa niliitunga mimi.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Siku za mwanzo maziwa yalikuwa yananichuruzika kwenye blauzi, napiga huku nalia. Baadaye yakakauka. Kuna jioni tulipiga toka mwanzo hadi mwisho bila kosa, tukacheka kama walevi, na nilipofika kwangu ndipo nikakumbuka kuwa jioni nzima sikumkumbuka mtoto. Nilikuwa na furaha, Mama. Nimejaribu kuijutia hiyo furaha, nimeshindwa. Ninachojutia ni kwamba wewe ulikuwa umembeba mwanangu na maneno ya watu, na mimi nacheka.

Jumapili iliyopita tukapiga mchana kwenye ukumbi wa shamba. Watu walianza kucheza vizuri, ilipoingia saba wakakanyagana. Mama mmoja akapaza sauti, "Nyie, mnapiga muziki au mmepotea njia?" Wakaacha kucheza, wakasimama kusikiliza. Madirishani walikuwa wamejaa watoto wangu wa bandani, wametembea kutoka Manundu. Gitaa likaanza kuporomoka, na wote wakapiga kelele kwa pamoja kama walivyozoea: "Kafaaa!"

Neno hilo nalisikia kutwa, limekuwa kama kelele za kuku, nilishaacha kulisikia. Kumbe ndilo! Kindege kikigonga mlima, bandani tunasema "Kafa!" na wimbo unaanza upya. Riziki hakumtabiria mtu yeyote. Alikuwa anaimba nyumbani kwao. Mama gani asiyejua wimbo wa mwanawe, na anaupiga kila siku? Nilibaki na noti zangu mbili, nazirudia tu, siwezi kwenda mbele, watu wakadhani ndivyo tulivyopanga. Wakapiga makofi.

Kwa hiyo, Mama, akisema "Kafa!" msimzibe mdomo. Mjibuni, "Bado ana maisha mawili!" Ndivyo watoto wa huku wanavyojibu, kwa sababu gemu inampa mchezaji maisha matatu. Utaona atakavyocheka. Na kwa mjane wa Mzee Salimu naomba uende na Athumani, amsomee barua hii yote, hata pale penye aibu. Mwambie nampa pole, na nitakuja kumpigia magoti mwenyewe.

Jingine nalisema kwa heshima lakini silibadilishi. Mwanangu namchukua. Najua utasema bandani hapafai kulea mtoto, na kinanda niache. Kinanda siachi. Mke wa Mhina, yule mkali, ndiye aliyeniambia, "Mlete hapa, nitakuwa naye mkipiga hayo makelele yenu." Baba yake Riziki bado yuko machimboni, hajaandika. Simngoji.

Nisalimie baba mdogo aliyenilimia kipande changu bila kuombwa, na bibi mzaa baba, apigiwe kelele sikioni kuwa namkumbuka. Mke wa Athumani mwambie ahsante kwa kumwogesha Riziki siku ambazo wengine walimkimbia.

Ni mimi binti yako,
Mwajuma, Mama Riziki

Athumani, vitu ninavyohitaji uje navyo ni hivi. Kadi yake ya kliniki, iko kwenye mkebe wa majani ya chai. Kile kipande cha kanga ya kijani anacholalia, na kisifuliwe. Njuga za babu, kama mama ataruhusu, Kijazi anasema ndiyo miguu iliyobaki ya kuchezea ile saba. Kama mlishamnyoa kwa ajili ya dawa, nywele zake uzikunje kwenye karatasi, nazitaka. Na Riziki mwenyewe. Akisinzia ndani ya basi mwache alale, ila mkiingia stendi ya Korogwe mwamshe kabla hujamshusha. Nataka awe macho, aniangalie vizuri, aamue mwenyewe kama ananijua.